Mpango kabambe usio na jedwali la masharti ni ramani ya ukutani

Mhariri,

Halmashauri inapozindua mpango kabambe, magazetini hutoka picha ya kiongozi akipokea kitabu kinene, na nyuma yake ramani ya rangi: njano ya makazi, nyekundu ya biashara, zambarau ya viwanda, kijani ya maeneo ya wazi. Habari huishia hapo. Lakini mwananchi akifika dirishani wiki inayofuata na kuomba kujenga ghorofa sita au kituo cha mafuta kwenye kiwanja chake, afisa mipangomiji atafungua ukurasa gani wa kitabu hicho ili amjibu? Katika halmashauri nyingi ukurasa huo, yaani jedwali la masharti linalosema nini kinaruhusiwa katika kila ukanda wa ramani, haupo. Jibu linatoka kwenye busara ya ofisa, au kwenye kikao cha kamati, au kwa nani anamjua nani. Naomba nafasi nieleze pengo hilo liko wapi na linazibwaje.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 imeweka ngazi mbili za mipango. Kuna mpango wa jumla, ndio huo tunaouita mpango kabambe, unaoonyesha mji utaelekea wapi kwa miaka kama 20. Chini yake kuna mpango wa kina, yaani michoro ya mipangomiji, ambayo mtaani wengi wanaijua kwa jina la TP; huo ndio unaokata viwanja. Juu ya vyote ziko sera: Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya 2000, pamoja na mipango ya matumizi ya ardhi ya ngazi ya taifa. Kwenye karatasi mnyororo umekamilika. Kwenye utendaji, sera inaandikwa na watu fulani, mpango kabambe unaandaliwa na mshauri mwelekezi aliyeshinda zabuni, na michoro inachorwa na kampuni binafsi iliyolipwa na mwenye shamba. Watu hawa watatu huenda wasikutane kamwe.

Dar es Salaam ni ushahidi wa wazi. Jiji hilo lilikuwa na mpango wa 1949, ukaja wa 1968, kisha wa 1979 uliokusudiwa kufika 1999. Miaka ya 1990, chini ya mradi wa Dar es Salaam endelevu ulioanza 1992, uliandaliwa mwongozo wa kimkakati, lakini haukupata nguvu ya kisheria. Jiji likaingia karne hii likiwa na mpango uliokwisha muda wake, na michoro iliendelea kuidhinishwa na viwanja kupimwa, ukiwamo ule mradi mkubwa wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisemi mradi ule ulikuwa mbaya. Uliokoa maeneo mengi. Nasema tu kwamba mchoro wa viwanja ukiwa unaweza kutembea peke yake bila mpango wa juu, ipo siku utatembea kuelekea bondeni.

Sababu ni ya fedha. Kiwanja kinauzika, njia ya maji haiuziki. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye viwanja, na vingine vyote hupachikwa kwenye mabaki. Mpangilio sahihi ni wa kinyume: unaanza na ardhi isiyojengwa, unafuata njia kuu na miundombinu, kisha huduma za umma, na viwanja vinakuja mwisho.

Tuchukue eneo la mraba lenye upande wa kilometa moja, yaani hekta 100, ambalo kijito kinalikata katikati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Mita 60 kila upande kwa urefu wa kilometa moja ni hekta 12. Zinabaki 88. Barabara zikichukua robo, zinaondoka hekta 22. Shule, zahanati, soko, nyumba za ibada na viwanja vya michezo vikichukua asilimia 12, zinaondoka takriban hekta 10 na nusu. Kwa viwanja zinabaki kama hekta 55.4, kwa wastani wa mita za mraba 600 kwa kiwanja, unapata viwanja 924. Mchoraji aliyejifanya hakioni kijito anapata 1,050. Tofauti ni viwanja 126, na hivyo ndivyo vitakavyoleta habari ya mafuriko kwenye gazeti lako baada ya miaka michache. Waliovinunua watakuwa na hati mkononi, na watauliza, kwa haki kabisa, serikali iliyowapa hati ilikuwa wapi.

Kuna wanaojibu kwamba bonde hilo lihesabiwe kuwa ndilo eneo la wazi, ili asilimia itimie. Kwa sehemu sawa, kama ni bustani na miti. Uwanja wa mpira wa watoto wa shule haupangwi mahali ambapo masika unakuwa dimbwi.

Hesabu ya watu nayo hukosewa. Sensa ya 2022 ilionyesha wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Viwanja 924 mara 4.3 ni watu wapatao 3,970, na kwa idadi hiyo shule moja inaonekana inatosha. Lakini katika miji yetu nyumba moja haina kaya moja. Mwenye nyumba anakaa mbele, wapangaji uani. Kaya zikiwa mbili kwa kiwanja, watu wanakaribia 8,000, na mahitaji ya maji, madarasa na choo yanakuwa mara mbili. Mpangaji anayetumia kaya moja kwa kiwanja anapanga mji wa kwenye vitabu. Ongeza na kasi ya ukuaji: mji unaokua kwa asilimia 5 kwa mwaka unakuwa mara mbili ndani ya takriban miaka 14, na kufikia mwisho wa mpango wa miaka 20 unakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo maana ardhi ya akiba ya shule ya pili na ya tatu lazima ionekane kwenye ramani leo, wakati bado ni shamba la mihogo.

Sasa nifike kwenye tatizo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote pembezoni mwa miji, nalo ni michoro ya vipande. Mwenye shamba la hekta tano anaita kampuni, inamchorea viwanja, anaacha njia ya mita sita inayoishia kwenye mpaka wake. Jirani yake anafanya vivyo hivyo mwaka unaofuata, ila njia yake inatokea mita 30 pembeni. Baada ya mashamba 40 kupita mkondo huo, kata nzima imepimwa, kila mtu ana hati, na hakuna barabara hata moja inayovuka kata kutoka mwanzo hadi mwisho. Daladala haliingii. Gari la zimamoto haliingii. Bomba la maji linapindapinda kufuata njia hizo na gharama inapanda. Shule haipo, kwa sababu kila mchoro ulikuwa mdogo mno kuidai, na kila mmoja ulidhani itakuwa kwenye shamba la jirani.

Dawa yake ni mchoro wa mifupa ya kata: ramani moja yenye barabara kuu za kata, njia za maji, maeneo ya shule na soko, na viunganishi ambavyo kila mchoro wa shamba lazima ufungane navyo. Viwanja havimo. Ni kazi ambayo ofisi ya mipangomiji yenye picha ya anga, wapima wawili na ushirikiano wa watendaji wa mitaa inaweza kuimaliza bila mshauri wa kigeni. Mchoro huo wa mifupa ukishapita kwenye Baraza la Madiwani na kufuata taratibu za sheria, hakuna mchoro wa shamba unaopokelewa kama haujaungana nao.

Hapo litaibuka swali la haki, na msipolijibu mpango utakufa. Tuseme mashamba ni 40 yenye hekta tano kila moja, jumla hekta 200, na shule inahitaji hekta nne. Ikiangukia kwenye shamba la mtu mmoja, atakuwa amepoteza asilimia 80 ya mali yake huku jirani zake 39 wakifaidi kupanda kwa bei. Atapinga mahakamani, au atatafuta namna ya kuihamisha shule kwenye karatasi usiku. Hekta nne katika 200 ni asilimia mbili. Kila mwenye shamba akichangia asilimia mbili, yaani hekta 0.1 au thamani yake, majirani 39 wanakusanya hekta 3.9 za kumfidia yule mmoja, na yeye anabeba 0.1 yake kama wenzake. Makubaliano haya yaandikwe na kusainiwa kabla ya kigingi cha kwanza kuchimbiwa. Baada ya viwanja kuanza kuuzwa hakuna atakayekubali tena, na halmashauri italazimika kutwaa kwa fidia, ambayo sheria inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kwa bajeti zetu, hilo la haraka ndilo hukwama.

Kuna makosa ya kiufundi ambayo madiwani hawaambiwi. Mstari wa kalamu wenye unene wa milimeta moja kwenye ramani ya kipimo cha 1:25,000 ni mita 25 ardhini. Hicho ni kina cha kiwanja kizima. Mtu akigombana na halmashauri kama yuko ndani ya ukanda wa viwanda au nje yake, ramani hiyo haiwezi kuamua. Kwa hiyo mipaka ya kanda ifuate vitu vinavyoonekana, kama katikati ya barabara au ukingo wa mto, au iandikwe kwa viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali kamili pa kila kona, kwenye kiambatisho. Kosa jingine ni la mifumo ya vipimo. Ramani zetu za zamani ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, simu na vifaa vya setilaiti vinasoma WGS84. Ukizipandisha moja juu ya nyingine bila kubadilisha, kila kitu kinahama kwa takriban mita 300. Eneo la wazi linaangukia juu ya nyumba za watu, na nyumba zinaangukia mtoni. Kabla ya kuamini ramani yoyote, chukua alama tatu au nne zinazojulikana, kama makutano ya barabara za zamani au kona ya jengo la kale, ulinganishe. Ni kazi ya asubuhi moja, na inaepusha kesi za miaka.

Tuje kwenye jedwali lenyewe. Kila ukanda kwenye ramani uwe na ukurasa wake wenye mambo mawili. La kwanza ni matumizi, katika makundi matatu: yanayoruhusiwa bila mjadala, yanayoruhusiwa kwa kibali maalumu na kwa masharti yaliyotajwa, na yasiyoruhusiwa kabisa. Duka la rejareja kwenye nyumba ya makazi liko kundi la kwanza au la pili? Gereji? Karakana ya kuchomelea? Baa? Hivi ndivyo vitu ambavyo majirani hugombania, na ndivyo mipango mingi inavyovifunika kwa neno moja, "matumizi mchanganyiko", ambalo halimzuii yeyote. La pili ni vipimo: sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa na jengo, jumla ya eneo la sakafu likilinganishwa na kiwanja, umbali kutoka mipakani, urefu wa jengo na maegesho. Kanuni za viwango vya nafasi za mwaka 2018 zinatoa msingi wa kitaifa. Kazi ya halmashauri ni kuzipeleka kwenye kanda zake kulingana na maji, majitaka na barabara zilizopo.

Nalisisitiza hili kwa sababu kibali kimoja kinaonekana kidogo. Kiwanja cha mita za mraba 600, nusu ikajengwa, ni sakafu ya mita 300. Ghorofa sita ni mita 1,800. Toa moja ya tano kwa ngazi na korido, zinabaki 1,440, nazo zinatoa nyumba 16 za mita 90. Kwa kaya ya watu 4.3 hao ni watu 69 mahali palipopangwa familia moja. Tukikadiria lita 100 za maji kwa mtu kwa siku, kiwanja kinahitaji lita 6,900 badala ya 430, na sehemu kubwa ya maji hayo inatoka upande wa pili ikiwa majitaka. Vibali kumi vya aina hiyo kwenye mtaa mmoja ni kaya 160 kwenye bomba lililotandazwa kwa kaya kumi. Kariakoo ilichorwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili za chini. Atakayepita leo nyuma ya maghorofa yake atajionea mwenyewe chemba zikifurika. Sipingi ghorofa. Mji wenye ardhi haba unazihitaji. Ila ziende kwenye ukanda uliotajwa, pamoja na gharama ya kupanua bomba, na siyo kiwanja kimoja kimoja kwa maombi.

Maeneo ya wazi yana hadithi yake fupi. Huchorwa, huidhinishwa, kisha wapima huweka mawe kwenye viwanja vya kuuza tu, kwa kuwa ndivyo vilivyolipiwa. Eneo la wazi linabaki bila jiwe, bila namba na bila hati. Miaka mitano baadaye kuna mtu ana barua ya kugawiwa eneo hilo. Utaratibu ubadilishwe: viwanja vya umma vipimwe kwanza, visajiliwe kwa jina la halmashauri, na upimaji wa viwanja vya kuuza usipitishwe mpaka hivyo viwe na mawe.

Kuhusu ushirikishwaji, mkutano wa hadhara wa saa mbili ambao watu hupewa soda na kuonyeshwa picha za projekta haumshirikishi mtu. Mwananchi haoni kiwanja chake kwenye ramani ya mji mzima. Ramani ya kila mtaa ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa, kwa kipimo kinachoonyesha nyumba, kwa Kiswahili, pamoja na jedwali. Liwepo daftari la mapingamizi lenye safu nne: namba, eneo, hoja, na jibu la halmashauri. Safu ya nne ndiyo hukosekana. Wenyeji pia wanajua vitu ambavyo setilaiti haivijui. Kazi ya Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa wanafunzi na wakazi kuchora mitaro na maeneo ya mafuriko, ilidhihirisha hilo: maji yalifika wapi mwaka fulani anajua mama mwenye nyumba ile.

Anayedhani haya ni ndoto aangalie Afrika Kusini. Sheria yao Na. 16 ya 2013, iliyoanza kutumika Julai 1, 2015, ilizipa manispaa miaka mitano kila moja iwe na mpango mmoja wa matumizi ya ardhi unaofunika eneo lake lote, pamoja na vitongoji na maeneo ya vijijini ambayo enzi za ubaguzi yaliachwa nje. Mpango huo lazima ulandane na mwongozo wa maendeleo wa manispaa, na anayeamua maombi hawezi kwenda kinyume na mwongozo huo isipokuwa hali ya pekee ya kiwanja husika inahalalisha. Johannesburg iliunganisha mipango yake iliyotofautiana kuwa mmoja wa mwaka 2018. Wana matatizo yao, na makazi holela wanayo kama sisi. Lakini mtu akinyimwa kibali kule, anaonyeshwa kifungu.

Kwetu hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Sheria ya 2007 inatosha kutangaza eneo kuwa la upangaji, ili ujenzi bila kibali uzuiwe wakati kazi inaendelea. Tangazo hilo litangulie mikutano, kwa sababu madalali huwa wa kwanza kusikia. Halmashauri zinapoandaa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, madiwani wadai mafungu matatu wayaone kwa majina yake: mchoro wa mifupa kwa kata zinazokua haraka, upimaji wa viwanja vya umma, na uandishi wa jedwali la masharti. Na mkurugenzi akileta pendekezo la kubadilisha matumizi ya kiwanja, aambatishe orodha ya mabadiliko yote yaliyokwishapitishwa kwenye mtaa huo huo tangu mpango uanze.

Mpangamiji,
Morogoro